Msiizike laptopu ya dogo, bado inapumua!

Ngozi yangu imebabuka kwa jua la ziwani na begi langu mpaka leo linanuka dagaa. Najua wiki mbili hizi nilipoingia mitini baadhi yenu mlianza kuulizana kijiweni, huyu jamaa kafa au kaoa? Sijafa, na wala sijaoa. Nilikuwa Rukuba.

Kwa wale ambao jiografia iliwapiga chenga shuleni, Rukuba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Musoma, mkoani Mara. Ukitoka hapa Dar unapanda basi, unashuka Musoma miguu imevimba kama mkate wa boflo, unateremka mwaloni Mwigobero, unapanda boti ya injini pamoja na magunia ya unga, kreti za soda na kuku wa watu. Mawimbi yakianza, unazikumbuka sala zote ulizofundishwa utotoni, hata zile za dini ya jirani.

Kilichonipeleka huko ni simu ya mama mdogo. Aliniambia maneno manne tu: "Mwanangu, mdogo wako hali." Basi nikajua ama ni malaria, ama dogo kaachwa na demu. Nikamuuliza, "Kwani anaumwa nini, mama?" Akajibu, "Kompyuta yake imekufa, na yeye anataka kuifuata."

Usicheke. Hebu sikiliza kwanza mkasa wenyewe.

Mama mdogo anakausha dagaa. Mwaka juzi ilipofika zamu yake ya upatu, wenzake walidhani ataezeka bati au atanunua kitenge cha maana. Yeye akamkabidhi mwanawe hela zote akanunue laptopu, mtumba lakini si ya mchezo, ile yenye nguvu ya kukata na kuunganisha video. Maana dogo alishasema kwamba yeye kuvua usiku haitaki, anataka kupiga picha za harusi na vipaimara. Watu wakamcheka mama wa watu: eti kaliwa, kanunua televisheni isiyoshika chaneli! Dogo akajitahidi, akapata kazi moja, akapata ya pili, na ya tatu ikawa harusi kubwa ya majirani. Akalipwa nusu, nusu nyingine siku ya kukabidhi video.

Miezi miwili baada ya harusi, babu yake bibi harusi akafariki dunia. Katika maisha yake yote yule mzee hakuwahi kupigwa video ila siku ile tu, akicheza na mjukuu wake. Familia ikasema, tunaomba video yetu tuitazame siku ya kumaliza matanga. Dogo akawasha mashine. Giza.

Sasa mnaelewa kwa nini dogo hali?

Akaipeleka mjini kwa fundi. Fundi akaishika, akaigeuza, akainusa (wallahi, dogo anasema aliinusa!), akatoa hukumu: kadi ya picha imeungua, laki mbili na nusu. Dogo akasema hana. Fundi akateremka: basi nifute kila kitu nipige Windows upya, elfu thelathini. Kabla ya kufika hapo alishaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile BIOS, akarudisha kila kitu kama ilivyotoka kiwandani. Namshukuru Mungu dogo alikataa kufutiwa, akabeba mashine yake akarudi kisiwani analia. Kama angekubali, mzee angekufa mara ya pili.

Nilifika jioni. Shikamoo mama mdogo, marahaba mwanangu, pole na safari. Nikatengewa ugali wa muhogo na sato, nikala mpaka nikaona aibu. Halafu mashine ikaletwa imefunikwa kanga, kama maiti.

Nikaiwasha. Nembo ya kampuni ikatokea, ikapotea, giza. Nikamwambia dogo, mdogo wangu, umeshapata jibu la kwanza. Kama skrini imeonyesha nembo, basi skrini si mbovu. Nikabonyeza Caps Lock, kataa kake kakawaka, nikabonyeza tena, kakazima. Jibu la pili: mashine haijaganda, inakusikia. Kisha nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Pap! Maandishi meupe yakatokea yakiuliza jina na neno la siri.

Dogo aliruka mpaka akapiga kichwa kwenye taa ya sola.

Hapa naomba niwaeleze jambo moja, maana ndilo kiini cha habari yote. Laptopu za aina hii zina kadi mbili za picha. Moja ni ya Intel, imo humohumo ndani ya prosesa, haili umeme mwingi. Ya pili ni ya NVIDIA, ina nguvu za ajabu lakini inakunywa betri kama lori linalopanda Kitonga. Nilimweleza mama mdogo hivi: mama, ya kwanza ni kibatari, ya pili ni karabai. Ukitafuta ndala chini ya kitanda, unawasha kibatari. Ukienda ziwani usiku wa giza kuvuta dagaa, unawasha karabai. Mama mdogo akatikisa kichwa, akasema, "Sasa anayewasha karabai kutafuta ndala ni mwendawazimu." Nikamwambia hapo hapo mama, umeshafaulu somo ambalo mafundi wengi limewashinda.

Zamani laptopu nyingine zilikuwa na swichi ya kuhamisha. Mwaka 2006 Sony walitoa Vaio yenye kitufe, upande mmoja kukaa na chaji, upande wa pili mbio, na ukihamisha ulilazimika kuizima na kuiwasha upya. Mwaka 2010 NVIDIA wakaleta utaratibu wanaouita Optimus: hakuna swichi, programu yenyewe inaamua nani afanye kazi. Na hapa kuna siri ambayo wengi hawaijui. Katika laptopu nyingi za namna hiyo, kadi ya NVIDIA haikuunganishwa na skrini kabisa! Inachora picha, kisha inampa Intel, na Intel ndiye anayeipeleka kwenye skrini. Kwa hiyo hawa wawili wasipoelewana, wewe mwenye nyumba unakaa gizani. Wenye wake wawili mnanielewa.

Kwenye Windows, Optimus ilikwenda vizuri. Kwenye Linux, usiombe. Linux ni ule mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi kule Finland. Mwaka 2012, kwenye Chuo Kikuu cha Aalto huko huko Finland, dada mmoja alisimama kwenye mkutano akamweleza Torvalds shida yake na laptopu ya kadi mbili. Bwana mkubwa akasema NVIDIA ni kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo, akageukia kamera, akanyanyua kidole cha kati na kutoa tusi ambalo mhariri wangu hawezi kuliruhusu hapa. Kwa hiyo dogo, nikamwambia, si wewe peke yako uliyelizwa na hii kitu. Hata mwenyewe mwenye Linux iliwahi kumpandisha mori.

Wapo waliojaribu kusaidia. Mwaka 2011 vijana wa kujitolea walitengeneza programu inaitwa Bumblebee, ili karabai iweze kuwashwa na kuzimwa kwenye Linux. Wazo babu kubwa. Lakini ndani ya faili lao la kusakinisha mtu aliweka nafasi moja mahali ambapo haikutakiwa, nafasi tupu tu, ile unayopiga kwa kidole gumba. Amri ambayo ilitakiwa kufuta kijifolda kimoja ikafuta /usr nzima, yaani karibu programu zote za mashine! Ndiyo maana nasema kila siku: kabla hujampasua mgonjwa, mtoe mtoto tumboni kwanza.

Na hicho ndicho tulichofanya. Sikugusa draiva, sikugusa chochote. Nilichomeka diski yangu ya nje, nikaandika lsblk nikaona imepewa jina la sdb1, nikaiunganisha kwa sudo mount /dev/sdb1 /mnt, kisha nikaandika sudo cp -rv ~/Videos /mnt. Mafaili yakaanza kupita mojamoja. Dogo akawa anayasoma kwa sauti kama anaita mahudhurio darasani. Lilipopita lile la babu anacheza, akanyamaza.

Sasa mzee yuko salama. Tukaanza uchunguzi.

Amri ya kwanza, lspci -k. Hii inakuonyesha vifaa vyote na kila kimoja kinaendeshwa na draiva gani. Nikashuka mpaka kwa Intel, nikaona i915 iko kazini. Nikashuka kwa NVIDIA. Kadi ipo, jina lake limeandikwa vizuri kabisa, lakini hakuna draiva inayoiendesha. Nikamwambia dogo, kadi iliyoungua mara nyingi hata kwenye orodha haitokei. Hii haijaungua, haina dereva. Gari zima, dereva hayupo kwenye usukani, na fundi wako alitaka kukuuzia gari jipya.

Amri ya pili, nvidia-smi. Ikajibu kwamba imeshindwa kuwasiliana na draiva ya NVIDIA. Sawasawa na tulivyotarajia.

Nikamkazia macho dogo. "Niambie ukweli, uliweka draiva kutoka wapi?" Akajikuna. Kumbe siku moja akiwa Musoma alishusha faili la .run kutoka kwenye tovuti ya NVIDIA wenyewe, akalisakinisha kwa mabavu, na kila alipoulizwa swali akajibu ndiyo. Ikaenda wiki tatu bila shida. Siku Linux yake (anatumia Linux Mint) ilipojisasisha ikaleta keneli mpya, asubuhi yake giza.

Mnaona sasa? Draiva ya NVIDIA inashonwa kwa vipimo vya keneli, kama suti. Keneli ikibadilika mwili, suti haivaliki. Ukiweka draiva kupitia ghala la mfumo wako, inakuja na fundi cherehani wake anaitwa DKMS: kila keneli mpya ikiingia, yeye anashona suti upya usiku wewe umelala. Lile faili la .run dogo aliliweka bila cherehani. Kibaya zaidi, kwenye yale maswali aliyojibu ndiyo, limo lililoandika faili la /etc/X11/xorg.conf likiuamrisha mfumo: tumia NVIDIA tu, usimwangalie mwingine. Kwa hiyo karabai haina mafuta, na kibatari kimekatazwa kuwashwa. Nyumba itakosaje giza?

Nikaandika sudo mv /etc/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.conf.zamani. Sikulifuta, nimelibadilisha jina tu, maana mtu mwenye akili hatupi kitu kabla hajajua kazi yake. Nikawasha mashine upya.

Picha hiyo! Mandhari ya Mint, saa kwenye kona, mafolda ya dogo yote yamejipanga. Mama mdogo aliyekuwa jikoni alikuja na mwiko mkononi akidhani tumepigana. Kibatari kimewaka, yaani Intel imeshika kazi.

Usiku ule ningeweza kulala na kujisifu. Lakini video ilikuwa bado haijamalizwa, na kwa Intel peke yake kazi ya kuitoa ingechukua usiku kucha, nasi tunategemea sola yenye betri moja. Tulihitaji karabai.

Kesho yake asubuhi ndipo mwenzenu nilipopigwa bao. Tuliondoa ile draiva ya mabavu kwa sudo nvidia-uninstall. Tukachukua intaneti ya simu yangu, tukafungua Driver Manager ya Mint, tukachagua ile draiva iliyoandikwa kwamba inapendekezwa, tukasubiri. Ni mamia ya megabaiti hayo, bando langu likayeyuka kama barafu ya samaki. Katikati mashine ikatuuliza tutunge neno la siri, tukatunga. Nikasema dogo, iwashe upya, mimi nakwenda kunawa.

Nikasikia, "Kaka! Bluu! Bluu!" Kabla sijafika, dogo alishakandamiza kitufe cha kuzimia. Eti fundi wa mjini alimwambia ukiona skrini ya bluu zima haraka. Tukaiwasha tena. Ikaja vizuri. Nikaandika nvidia-smi kwa mbwembwe zote, majirani wawili wamesimama nyuma yangu. Jibu: imeshindwa kuwasiliana na draiva. Lilelile la jana!

Jamani, niliona aibu. Jirani mmoja akasema taratibu, kwa Kiswahili ili nisikie, "Labda yule fundi alikuwa mkweli." Mama mdogo hakusema kitu, akaendelea kuchambua mchele, lakini niliona mikono yake imepunguza mwendo.

Nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe. Nikajiuliza, draiva ipo, keneli imeshonewa, kwa nini haivaliki? Nikarudi nikaandika sudo modprobe nvidia, yaani naiingiza kwa mkono nione inakataa kwa sababu gani. Ikajibu: Key was rejected by service. Ufunguo umekataliwa! Nikapiga kofi paja langu. Nikaandika mokutil --sb-state. SecureBoot enabled.

Nyie, kumbe aliyetufungia mlango ni fundi wa mjini! Laptopu ile mwanzoni Secure Boot ilikuwa imezimwa na mshikaji aliyeweka Linux. Fundi aliporudisha mipangilio ya kiwandani, akaiwasha bila kujua. Secure Boot ni baunsa wa mlangoni. Ikiwa imewashwa, keneli haipokei kipande chochote kisicho na saini ya mtu inayemfahamu. Draiva yetu ilishonwa hapo hapo kisiwani, saini yake ni ya nyumbani, baunsa haijui. Ile skrini ya bluu ndiyo iliyokuwa nafasi ya kumtambulisha: mkuu, huyu ni wangu, muandike kwenye daftari. Dogo akaizima.

Basi nikaandika sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, nikatunga neno la siri jipya, fupi, nikaliandika kwenye kiganja kwa kalamu. Kuwasha upya. Skrini ya bluu ikaja, safari hii nimekaa mwenyewe kwenye kiti. Inakupa kama sekunde kumi tu ubonyeze kitufe chochote, ukizubaa inaondoka zake. Nikabonyeza, nikachagua Enroll MOK, Continue, Yes, nikaandika neno la siri, nikachagua Reboot.

Nikaandika nvidia-smi. Jedwali likatoka: jina la kadi, joto lake, kumbukumbu yake. Karabai imewaka! Yule jirani wa kwanza akakohoa akaaga.

Baada ya hapo ni mteremko. Niliandika sudo prime-select on-demand. Amri hii ina njia tatu. Ukiandika intel, kibatari peke yake, chaji inadumu. Ukiandika nvidia, karabai muda wote, na kwenye mashine ya dogo betri ilikuwa haifiki saa moja na nusu. Ukiandika on-demand, kibatari ndicho kinachoshika nyumba, na karabai inawashwa kwa kazi unayoichagua tu. Hii ya tatu ilikuja baada ya NVIDIA wenyewe kulegeza kamba, kwenye draiva namba 435 ya mwaka 2019. Na mwaka 2022 wakaanza kuachia wazi ile sehemu ya draiva inayoingia kwenye keneli, jambo ambalo mwaka ule wa kidole hakuna aliyeliota.

Kwenye Mint unabofya kulia juu ya programu, unachagua kuiendesha kwa NVIDIA. Ukitaka kuhakikisha, fungua terminali uandike glxinfo | grep "OpenGL renderer", itakutajia Intel. Halafu andika __NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia mbele ya amri hiyohiyo, itakutajia NVIDIA. Ukiona majina mawili tofauti, ndoa imetulia. Wenye kadi ya pili ya AMD ninyi mmebarikiwa, draiva yenu imo ndani ya keneli tayari, mnaweka DRI_PRIME=1 mbele ya amri na maisha yanaendelea.

Dogo akakaa kwenye kazi yake. Jua lilipokuwa juu, sola imeshiba, akatoa video.

Kulibaki kizingiti kimoja. Siku ya matanga walileta televisheni kubwa ya jirani. Dogo akachomeka waya wa HDMI. Haikuonyesha kitu! Watu wameshakaa, wazee mbele, watoto chini. Dogo akanitazama, macho yameanza kulenga machozi. Nikamnong'oneza, "Umechezea nini?" Akasema, "Nilirudisha kwenye intel kaka, ili chaji idumu." Aisee! Kwenye laptopu nyingi za namna hii tundu la HDMI limeunganishwa na kadi ya NVIDIA moja kwa moja. Ukizima karabai, na tundu linakufa. Tukarudisha on-demand, tukawasha upya, dakika mbili ndefu kuliko safari ya Dar hadi Musoma.

Kisha babu akatokea. Ana kofia ya pama imekaa upande, fimbo kaishika hewani, anacheza na mjukuu wake akiwa na shela. Watoto walicheka. Bibi yake bibi harusi alikuwa amekaa mbele kabisa. Hakulia, hakusema. Kipande kilipoisha akasema, "Rudisha." Dogo akarudisha. "Rudisha tena." Tulirudisha mpaka tukaacha kuhesabu.

Wakamlipa dogo nusu yake iliyobaki, hapo hapo, mbele ya watu. Na wawili wakamfuata pembeni kuulizia bei ya harusi ya mwezi ujao.

Sasa wewe uliyeko Sinza, Nyegezi au Sakina, una laptopu ya kadi mbili na imekufanyia giza, mambo ya kushika ni haya. Jaribu Caps Lock na Ctrl, Alt, F3 kabla hujatangaza msiba. Kama hata maandishi hayaji, shika Shift au gongagonga Esc wakati inawaka upate orodha ya Grub, chagua keneli ya zamani. Ikishindikana, bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, ongeza neno nomodeset mwishoni, kisha F10. Hiyo ni dripu ya kumwezesha mgonjwa kufika hospitali, usiishi nayo. Hamisha mafaili yako kwanza. Draiva chukua kwenye ghala la mfumo wako, achana na .run. Skrini ya bluu ya MOK usiikimbie. Na fundi akikwambia kadi imeungua, mwombe akuonyeshe lspci.

Kuna wanaosema haya mambo si ya kwetu. Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na hilo neno Ubuntu ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Mwaka huohuo pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Kwa hiyo tulikuwemo tangu zamani, tatizo letu ni kunusa mashine badala ya kuiuliza.

Siku naondoka mama mdogo alinisindikiza mpaka kwenye boti na mfuko wa dagaa. Nikamuuliza, mama, waliokucheka kuhusu upatu wanasemaje sasa? Akasema, "Wameniuliza zamu yao ikifika wanunue ya aina gani." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Nimewaambia wanunue yenye kibatari na karabai, lakini wasiondoke bila namba yako ya simu."

Namba yangu sitoi, mhariri kanikataza. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia mwenye nyumba wangu na luku. Kaeni poa.